Makadirio ya Bure Oud Metha: Anayelipa ni Nani?

Mtaa wa Oud Metha, upande wa Bur Dubai, una majengo ya makazi ambayo kwa umri wa jiji la Dubai ni ya zamani. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria lilifunguliwa hapo mwaka 1967, Al Nasr Leisureland mwaka 1979, na nyumba nyingi za ghorofa chache zilikuwa zimesimama miaka mingi kabla metro ya Njia ya Kijani haijafika mwaka 2011. Mabomba yamechoka, dari za bafuni zinavuja kutoka kwa jirani wa juu, na viyoyozi havipumziki katika kiangazi kinachovuka nyuzi 40. Wakazi wengi ni wapangaji: Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Waarabu, na Waafrika Mashariki wa hospitalini, hotelini, kwenye ulinzi na biashara. Siku bomba likipasuka au mkataba wa nyumba ukikaribia kwisha, wote hukutana na ahadi moja kutoka karibu kila kampuni ya ukarabati: tutakuja, tutapima, tutakupa makadirio ya kina, bila malipo.

Ahadi hiyo imezoeleka kiasi kwamba mkandarasi anayetaka kulipwa kwa kupima huonekana tapeli. Mimi naona kinyume. Makadirio ya juujuu yanaweza kutolewa bure, na ni sawa yatolewe bure. Makadirio ya kina ni kazi, na kazi ina gharama. Pale inapodaiwa kuwa ni bure, ama kina hakipo, ama gharama imehamishiwa mahali ambapo mteja haioni.

Chukua bafu moja la kawaida katika jengo la Oud Metha. Taili za zamani zinatoka, sakafu inapakwa dawa ya kuzuia maji, mabomba yanabadilishwa, taili mpya zinawekwa. Anayetaka kukadiria kwa uaminifu hawezi kusimama mlangoni na kutupa macho. Anapima mita za mraba za kuta na sakafu, kila moja peke yake. Anafungua kidirisha cha mabomba aone kama ni ya chuma yaliyoliwa na kutu au ya plastiki. Anamuuliza mlinzi wa jengo kama lifti inaruhusiwa kubebea kifusi, saa ngapi kelele zinakubalika, na kama wasimamizi wanadai NOC, yaani barua ya kutokuwa na pingamizi, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Kisha anaulizia bei za vifaa, Dragon Mart kwa taili za bei nafuu, maduka ya Satwa na Deira kwa vitu vidogo, na anakaa chini kuandika: taili za aina gani na ukubwa gani, dawa inapakwa mara ngapi na inapanda ukutani kiasi gani, siku ngapi za mafundi wangapi, kifusi kinatupwa na nani. Hiyo ni nusu siku ya mtu mwenye ujuzi, na mara nyingine siku nzima.

Huko kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo ina taaluma yake. Tanzania inayo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na Kenya nayo husajili wakadiriaji wake pamoja na wasanifu majengo. Mkadiriaji majenzi husoma miaka kadhaa chuo kikuu ili aandike kile ambacho mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wanakiita BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei. Hakuna anayemtarajia aiandike bure kwa jengo la ghorofa kumi. Kwa nini basi bafu, jiko au chumba cha kulala vihesabiwe kama vitu vinavyojipima vyenyewe?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkandarasi ana ofisi Al Qusais. Kuja Oud Metha anavuka hori ya Creek kwa daraja la Al Garhoud, anapita lango la Salik la tozo ya barabara, analipia maegesho, na mpimaji wake anatumia nusu siku. Tuseme yote hayo yanamgharimu dirham 150. Akipata kazi moja katika kila nyumba tano anazopima, basi kazi hiyo moja inabeba gharama za ziara tano, yaani dirham 750. Kama kazi yenyewe ni ya dirham 6,000, mteja aliyemchagua amelipa zaidi ya asilimia 12 kwa ajili ya vipimo, na sehemu kubwa ya hizo ni vipimo vya nyumba za watu asiowajua. Wale wanne waliokataa ndio waliopata bure. Aliyesema ndiyo amewalipia.

Hapo ndipo ubaya wa kwanza ulipo, nao unaongezeka kadiri watu wanavyozoea kuita wakandarasi wengi. Mtu akisikia kwamba makadirio ni bure, kwa nini aite watatu asiite wanane? Lakini kila anayeita wanane anashusha nafasi ya kila mkandarasi kupata kazi, na nafasi ikishuka, mzigo wa ziara zilizopotea unapanda kwa yule atakayefanikiwa. Bei za mtaa mzima zinapanda bila taili hata moja kuongezeka ubora.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi, na wateja tunahusika nao moja kwa moja. Mkandarasi mwangalifu akiandika karatasi yenye mistari ishirini, kila mstari na kipimo na bei yake, karatasi hiyo ina thamani hata kabla ya kazi kuanza. Mteja anaipiga picha, anakata sehemu yenye jina la kampuni, anamtumia mkandarasi mwingine kwa WhatsApp na kumuuliza: unaweza kushuka kiasi gani? Wa pili hajapita lango lolote la Salik wala hajapiga magoti chini ya sinki. Anapunguza asilimia kumi na kuchukua kazi. Aliyepima amepoteza nusu siku na amemfundisha mshindani wake. Safari ijayo hataandika mistari ishirini. Ataandika mmoja: ukarabati wa bafu, kazi na vifaa, dirham 7,500. Ndiyo sababu kotesheni nyingi zinazoitwa za kina zina sentensi moja na muhuri. Kina kimefichwa kwa sababu kilikuwa kinaibiwa.

Na kina kikifichwa, mteja ndiye anayekosa kinga, kwa sababu sheria huilinda karatasi yenye mchanganuo kuliko neno la mdomo. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Umoja wa Falme za Kiarabu, Na. 5 ya mwaka 1985, iliweka kanuni mbili zinazostahili kujulikana na kila anayekarabati. Kifungu cha 886 kilisema kwamba mkataba ukifungwa kwa orodha ya vipengele na bei ya kila kipimo, kisha kazi ikaonyesha kwamba gharama itazidi sana orodha hiyo, mkandarasi lazima amjulishe mteja mara moja na kumtajia ongezeko analotarajia. Asipofanya hivyo, anapoteza haki ya kudai kilichozidi. Ongezeko likiwa kubwa mno, mteja anaweza kujitoa na kulipia kilichokwisha kufanyika tu. Kifungu cha 887 kilishughulikia bei ya jumla: kazi ikikubaliwa kwa mpango maalumu na kwa kiasi kimoja, mkandarasi hawezi kudai nyongeza kwa kuutekeleza mpango huohuo.

Tazama kila kanuni inataka nini. Ya kwanza inataka orodha. Ya pili inataka mpango uliokubaliwa. Ujumbe wa WhatsApp wenye kiasi kimoja hauna orodha wala mpango. Mkandarasi akisema katikati ya kazi kwamba bomba la nyuma ya ukuta halikuwemo kwenye bei, mteja atathibitisha kwa kitu gani kwamba lilikuwemo? Mteja amepata makadirio bure, ila ameachwa nje ya ulinzi ambao karatasi ya mistari ishirini ingempa.

Wajerumani wamelitatua suala hili kwa njia ya wazi, nayo inafaa kutazamwa kwa sababu inafanana na ya Falme za Kiarabu upande mmoja na kutofautiana nayo upande wa pili. Kanuni yao ya Kiraia, kifungu cha 632, inasema kwamba pasipo makubaliano mengine makadirio ya gharama hayalipiwi. Anayetaka kulipwa lazima akubaliane na mteja mapema. Kanuni hiyohiyo inamtaka mkandarasi amjulishe mteja bila kuchelewa akiona makadirio yatapitwa kwa kiasi kikubwa. Ufaransa, kwa kazi za ukarabati wa majumbani, inamtaka mtoa huduma aseme mapema kama makadirio yake yanalipiwa au la. Nchi zote mbili zinaruhusu bure na zinaruhusu malipo. Kisichoruhusiwa ni mteja kubaki gizani. Huo ndio mstari ambao ningependa Dubai, Dar es Salaam na Mombasa ziufuate.

Kuna jambo lingine linalofanya ziara ya bure iwe ya hatari, na wanauchumi Michael Darby na Edi Karni walilieleza mwaka 1973. Zipo huduma ambazo mnunuzi hawezi kujua kama alizihitaji, hata baada ya kuzilipia. Matengenezo ni mojawapo. Anayetambua tatizo ndiye anayeuza dawa yake, na kwa kuwa utambuzi haulipwi, pato lake lote linategemea dawa kuuzwa. Kiyoyozi ni mfano mzuri kuliko yote. Fundi anakuja bure, anagusa bomba, anasema gesi imekwisha, anajaza, analipwa, anaondoka. Lakini gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kutafuta pa kuvujia ni kumwandaa mteja kwa ziara ya mwezi wa Agosti. Kutafuta pa kuvujia kunachukua muda, na muda huo haumo kwenye ziara ya bure. Fundi ambaye angelipwa dirham 100 kwa kuchunguza tu, hata kama jibu ni kwamba hakuna kinachohitaji kubadilishwa, angekuwa na sababu ya kusema ukweli. Simlaumu fundi peke yake hapa. Mfumo wa bure umemweka mahali ambapo ukweli unamlaza njaa.

Kwa mpangaji wa Oud Metha mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu karatasi ya makadirio huamua pia nani atalipa. Sheria ya Dubai Na. 26 ya mwaka 2007 inayohusu wenye nyumba na wapangaji inamtwika mwenye nyumba matengenezo katika kipindi cha upangaji, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Na mikataba mingi hukubaliana vingine. Kifungu kinachopendwa ni cha mpaka: matengenezo madogo, mara nyingi chini ya dirham 500, ni ya mpangaji, yanayozidi hapo ni ya mwenye nyumba. Sasa fikiria mkandarasi anayeletwa na mwenye nyumba kupima bafu linalovuja. Akiandika kazi moja ya dirham 900, mwenye nyumba analipa. Akiigawa mara mbili, 480 leo kwa valvu na 420 wiki ijayo kwa taili, mpangaji analipa zote. Bila mchanganuo unaoonyesha kwamba valvu na taili ni sehemu za uvujaji mmoja, mpangaji hana cha kushika akifika kwenye Kituo cha Migogoro ya Upangaji, ambacho Dubai ilikianzisha mwaka 2013.

Wakati wa kuhama ni vilevile. Sheria hiyohiyo inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa matumizi ya kawaida. Amana inakatwa kwa ajili ya rangi, na mara nyingi kinachoonyeshwa ni kotesheni ya mstari mmoja: kupaka rangi nyumba nzima, dirham 2,000. Kuta ngapi? Rangi ya Jotun au National Paints, au ya kopo lisilo na jina? Kuta zilizokwanguka au hata zile ambazo alama zake ni za kawaida kwa mtu aliyeishi miaka minne? Mpangaji mwenye karatasi yake ya mchanganuo, aliyoilipia kwa mkandarasi wa kujitegemea, anaweza kuhoji mstari kwa mstari. Asiye nayo anahoji kwa hisia, na hisia hazirudishi amana.

Ndugu zetu wengi hushindwa hapa kwa sababu wametoka kwenye utaratibu tofauti. Dar es Salaam au Mombasa, fundi anakuandikia orodha ya vifaa, unakwenda dukani mwenyewe, na hela ya ufundi mnapatana peke yake. Hata kama orodha imeongezwa mifuko miwili ya saruji, unaona saruji. Dubai mkandarasi mwenye leseni hubeba vifaa na kazi kwa pamoja, na bei inakuja ikiwa imefungwa. Aliyezoea kuona mifuko ya saruji hana mahali pa kushika. Anachopaswa kudai ni kile alichokizoea nyumbani: vifaa upande huu, ufundi upande ule. Si ushamba kudai hivyo. Mkandarasi mzuri anaweza kuuandika mgawanyo huo kwa dakika kumi kama kweli alipima.

Kuna mistari ambayo karatasi ya bure huiacha, nayo ndiyo inayorudi kuuma. Kodi ya VAT ya asilimia 5 ipo tangu tarehe 1 Januari 2018, na biashara inayopita dirham 375,000 kwa mwaka lazima isajiliwe. Asiyesajiliwa hana haki ya kukutoza, na aliyesajiliwa anapaswa kuonyesha namba yake ya kodi. Kazi za nje wakati wa kiangazi husimama saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kwa amri ya serikali inayowalinda wafanyakazi na jua. Anayekupa siku mbili za kazi ya paa mwezi Julai bila kulihesabu hilo hajapanga kazi. Kukata chumba kwa ukuta wa jipsamu ili kupangisha vitanda kunahitaji kibali cha Manispaa ya Dubai, na mwaka 2025 manispaa ilifanya msako wa kuta za namna hiyo katika mitaa kadhaa, ukiwemo Al Satwa. Waafrika Mashariki wengi wanaishi kwa vitanda vya namna hiyo. Mkandarasi anayekupa bei ya ukuta bila kutaja kibali amekuuzia ukuta utakaobomolewa, na gharama ya kubomoa haimo kwenye karatasi yake. Ama dhamana ya miaka kumi ambayo baadhi huitaja ili kukuvuta, ile ya kisheria inahusu uthabiti wa jengo. Haihusu rangi wala mfereji.

Mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 inaonyesha makadirio yana kazi gani pale mambo yanapoharibika. Ilikuwa kubwa kuliko yoyote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa nchini humo mwaka 1949. Kituo cha Khatm Al Shakla, Al Ain, kilipima milimita 254.8 chini ya saa 24. Baada ya maji kama hayo kila dari inahitaji kuangaliwa kwa wakati mmoja, na mpimaji mwaminifu hawezi hata kupima dari mbichi. Lazima arudi ikikauka, ajue maji yalipita wapi, kisha aandike. Ziara mbili, tatu. Katika uhitaji kama huo mpimaji asiyelipwa hukimbilia nyumba yenye kazi kubwa, na mwenye doa moja chumbani anaambiwa bei kwa picha. Anayelipia upimaji ananunua nafasi kwenye foleni na haki ya kusubiriwa hadi dari ikauke.

Sisemi kwamba kila ziara ilipiwe. Kwa mtu anayetaka kujua tu kama jiko lake litamgharimu dirham 5,000 au 15,000, picha sita na vipimo vya futi kwa WhatsApp vinatosha, na mkandarasi anayejibu bure anafanya tangazo zuri la biashara yake. Watatu wanatosha kukupa picha ya soko. Hapo bure iishie. Mchague mmoja unayemwamini, hakikisha leseni yake ya biashara ni hai, umlipe dirham 150 au 300 aje apime kwa nusu siku, na mwandikiane mambo mawili: kwamba kiasi hicho kitakatwa kwenye bili akipata kazi, na kwamba karatasi ya mchanganuo ni mali yako akikosa kazi hiyo. Sharti la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Karatasi uliyoilipia unaweza kumwonyesha mkandarasi mwingine mchana kweupe bila kumdhulumu aliyeiandika, na unaweza kuiwasilisha mbele ya mwenye nyumba au kituo cha migogoro kama ushahidi wa mtu aliyelipwa kusema alichokiona.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Dirham 200 kwa mlinzi au mhudumu wa hoteli kutoka Kampala anayetuma fedha nyumbani kila mwezi si kitu kidogo. Kwake jibu ni kuandika yeye mwenyewe. Ukurasa mmoja: chumba gani, kuta ngapi zenye urefu na upana gani, nini kinatoka, nini kinaingia, nani anatupa kifusi, nani anaomba NOC. Ukurasa huo mmoja uende kwa wakandarasi wote watatu, nao wajaze bei mbele ya kila mstari. Anapata mchanganuo bila kumwibia mtu jasho, na bei tatu zinalinganishika kwa sababu zinajibu swali moja. Wakandarasi nao wana wajibu. Waache kutangaza kina wasichokusudia kutoa, watoze upimaji waziwazi, na waandike kila walichokiona.

Kama una ukarabati unaokusubiri, usianze kwa kupiga simu. Anza leo kwa kuchukua futi, pima chumba chako, na uandike huo ukurasa mmoja kabla mkandarasi wa kwanza hajabisha hodi.